Singo ya Salha

Siku hizi bingwa akifa, kumbukumbu zake hupandikizwa kwa mtu aliye hai. Za Tausi, malkia wa tenisi, alipewa Bi Kidawa, na tangu hapo nyumba yake haikauki wageni wanaofuata umbeya wa viwanjani.

Leo bintiye, Salha, alikuwa akisuguliwa singo ya harusi. Kwa desturi, hapo mama husimulia alivyomzaa biharusi, na Salha aliingoja sana zamu hiyo.

“Haya shoga, uchungu ulikushikia wapi?” somo, kungwi aliyekuwa akimsugua biharusi, alimchokoza Bi Kidawa.

“Mwaka ule? Nilikuwa fainali. Seti ya tatu, goti limevimba.”

Wanawake wakaangua kicheko.

“Na mimi je, mama?” Salha aliuliza.

Bi Kidawa alimtazama kwa upole. “Mdogo wangu, mimi sikujaliwa kuzaa.” Kisha akaomba kalamu, amtilie sahihi mkononi.