Hina Mbichi

Bibi harusi hatoki nje siku ya hina, lakini Mwanakombo alitoka. Aliingia maabara mikono kaitanguliza mbele kama aliyebeba trei, na nyuma yake somo wake, Bi Mize, aliyekuwa akimfunda wiki nzima, akilalamika.

"Mashine ni ya kuazima, somo. Jioni wanaichukua."

Ndani ya mashine kulikuwa na kigae chenye tabaka mbili za sumaku, nyembamba kuliko utando wa chai ya maziwa: ngumu kugeuka chini, laini juu. Ukiisukuma kwa sumaku ya nje, ile laini hugeuka. Ukiiachia, ile ngumu inatakiwa iirudishe. Vigae vyote vya kabla ya hiki viligeuka vikabaki huko huko.

"Nizungushie hiyo swichi kulia, polepole."

Bi Mize akazungusha. Kwenye skrini mstari unaoonyesha sumaku ya kigae ukashuka, ukapita sifuri.

"Sasa irudishe."

Mstari ulisita. Kisha ukaanza kupanda, ukifuata njia ile ile uliyoshukia, mpaka juu kabisa.

Mwanakombo akapiga kigelegele, na viganja vyote viwili akavibandika kwenye kioo cha skrini.

"Maua yangu!" Bi Mize alimaka. "Nimeyachora tangu alfajiri!"

"Utanichora mengine, somo," alisema, akicheka mpaka machozi.

Bi Mize alitaka kumvuta waondoke, lakini mkono wake ulikuwa bado kwenye swichi. Akaizungusha tena kulia, akairudisha, na wote wawili wakainama kuutazama mstari ukipanda katikati ya maua mabichi ya hina.