Breki za Kumi na Saba

“Hii siyo damu ya mgonjwa,” alisema Mzee Rudia, akaisukuma karatasi hadi upande wa pili wa meza. “Mmechanganya tyubu.”

Mama Pacha hakuinua hata kichwa. Miaka tisa walikuwa wamefanya kazi maabara moja, na hilo jina la Rudia mzee hakujipa mwenyewe. Huyo angeweza kukwambia urudie kupiga chafya kama ile ya kwanza haikumridhisha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chembe nyeupe za damu, ndizo askari wa mwili, zina breki zake, zisije zikatugeukia wenyewe. Mtu asiye na ugonjwa ana breki za kiasi. Mwenye saratani ya tezi, zile zinazovimba shingoni na makwapani, huwa na breki tele, askari wamesimama wima na adui anapita akiwasalimia. Daktari alikuwa akijaribu dawa mpya, akataka breki zihesabiwe: tyubu ishirini za wagonjwa kwenye sanduku jekundu, ishirini za wazima kwenye la kijani. Damu ilitolewa ghorofa ya chini. Juu zilipanda namba tu, na orodha ya majina daktari aliifungia kwenye droo yake.

Sasa kumi na saba, wa sanduku jekundu, alikuwa na breki za mtu mzima wa afya.

“Labda dawa imemkubali,” alisema Mama Pacha.

“Imkubali yeye peke yake kati ya ishirini? Wewe si ulitoa damu ya sanduku la kijani? Basi hii ni yako, imepotea njia.”

“Na hiyo plasta kwenye kiwiko chako? Kwa nini isiwe yako?”

“Yangu siijui namba, na wala sitaki kuijua. Rudia.”

Mama Pacha akarudia kwa tyubu ya akiba. Jibu likawa lile lile. Tangu hapo akamfanya kumi na saba ndugu yake kabisa: leo kumi na saba kaamka vizuri, leo kumi na saba kamaliza sahani kaomba nyingine.

“Usimshangilie mapema,” alisema Mzee Rudia, na safari hii hakuwa na utani. “Mtu huyo ana watu wake. Ukimwambia breki zimeshuka, atakwenda nyumbani amshike mkewe mkono, wapange mambo ya mwakani. Halafu umwite tena umwambie samahani, tulichanganya tyubu? Heri asiambiwe kitu.”

“Utamnyima habari njema mpaka lini?”

“Mpaka nikose cha kukosoa.”

Akaenda kwa daktari, akaomba watu wote arobaini watoe damu upya. Daktari akakubali, maana kubishana na Rudia ni kujichosha. Jumatatu wakapanga foleni ghorofa ya chini, na hao wawili wa maabara wakiwa ndani yake, mmoja akiilalamikia sindano, mwingine akimfundisha muuguzi namna ya kuishika.

Masanduku aliyabeba Mzee Rudia mwenyewe ngazi zote tatu. Alizisoma lebo mara mbili mbili. Aliisafisha mashine ambayo ilikuwa imesafishwa. Kumi na saba akampima asubuhi, akampima mchana, akampima tena kabla ya kufunga.

Breki zilikuwa chini, na mara ya tatu zilikuwa vile vile.

“Haya, kosoa,” alisema Mama Pacha.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa. Akatafuta kosa, akalikosa.

“Ni damu yake mwenyewe,” alisema taratibu. “Lo, mama. Ni yake kweli.”

Mama Pacha alimsukuma mlangoni kabla hajabadili mawazo.

Daktari alikuwa peke yake ofisini. Aliisoma karatasi, akafungua droo, akateremsha kidole kwenye orodha hadi kikasimama. Kisha akatoa bahasha ya picha za ndani ya mwili wa mgonjwa huyo, zilizoletwa siku hiyo, akaiinua moja kwenye mwanga wa dirisha na kuitazama kwa muda mrefu.

“Hata picha zinasema hivyo hivyo,” alisema. “Tezi zote zimenywea.”

Mzee Rudia alicheka kwa furaha mpaka akakohoa. Hakuna aliyewahi kumwona akicheka hivyo kazini.

“Basi mwambie leo leo. Mtu asilale usiku mwingine na hofu yake.”

“Kaa kwanza, Mzee.”

“Nikae mimi kwa nini? Wa kukalishwa ni mgonjwa. Mwambie yeye.”

Daktari akamvutia kiti.

“Ndiye ninayemwambia.”