Jozi

Karani aliliita jina la Seneta Merrill Thibodeau mara ya tatu, na kwa mara ya tatu Merrill akakaa kimya.

Mswada ulikuwa wake mwenyewe. Kwa miaka tisa alikuwa ameubeba mlango hadi mlango kama mtoto mgonjwa: viwanda vya karatasi viwatibu wafanyakazi walioharibika mapafu kwa gesi ya klorini. Aliupunguza hapa, akauongeza pale, akanywa kahawa na watu wa vyama vyote viwili, hadi wakaanza kulainika. Sasa kura zilikuwa kumi na tano kwa kumi na tano, na iliyobaki ni yake.

Juu, kwenye roshani ya wageni, mtu alikohoa. Merrill hakuhitaji kuinua macho. Alikuwa Rosaire, mdogo wake, aliyekula miaka ishirini na sita kiwandani na sasa alitembea akikokota mtungi wa oksijeni.

"Nipo katika jozi na Seneta Stackpole," Merrill akasema hatimaye. "Angekuwepo, angepiga hapana. Mimi ningepiga ndiyo. Kwa hiyo sipigi kura."

Nyundo ikagonga. Kura sawa kwa sawa, mswada ukafa.

Desturi ya jozi ilikuwa kongwe kuliko viti vya ukumbi ule wa seneti ya jimbo, mjini Augusta. Mwenzako wa chama kingine akiugua, nanyi hamkubaliani, unaizuia kura yako ili ugonjwa usimpokonye yake. Hakuna wa kukulazimisha. Inasimama juu ya neno lako tu, na mwaka ule wa 1978 vijana wa bungeni walishaanza kuicheka.

Orrin Stackpole alikuwa amekaa kando ya Merrill miaka kumi na minane. Vyama tofauti, ugomvi kila wiki, urafiki ule ule. Alikuwa mvivu wa kusema, Orrin. Karani akimwita, aliinua kidole kimoja kwa ndiyo, au akakunja ngumi kwa hapana, macho yake yakiwa gazetini, na karani alikuwa amechoka kumgombeza. Mswada wa Merrill aliupinga tangu siku ya kwanza, kwa hofu kwamba kiwanda cha mjini kwao kingefungwa. Januari, daktari alipomwambia moyo umechoka na akapumzike, alimshika Merrill mkono.

"Niwekee jozi, bwana. Hao wenzako wasije wakanizunguka."

"Mpaka siku utakaporudi kitini," Merrill akaapa.

Hakurudi. Jumapili moja ya Machi kiharusi kikamwangusha, na kura ilikuwa imepangwa Jumanne. Jumanne hiyo asubuhi Merrill alipiga simu hospitalini, akapokea Lorraine, mkewe Orrin.

"Amesema lolote, shemeji? Lolote kuhusu kura?"

"Hasemi, Merrill. Upande mzima umelala, ulimi nao umelala. Nilimkuta sakafuni, karatasi za mswada wako zimetapakaa kifuani." Lorraine alipenga kamasi. "Anachotaka ni maji tu. Kutwa nzima, maji."

Lorraine akakata simu. Mtu mmoja tu ndiye angeweza kumfungua katika kiapo kile, na mtu huyo hakuwa na sauti. Ahadi ni deni, mama yake alimfundisha hivyo, naye hakujua namna nyingine ya kuishi.

Baada ya kura, Haskell, kiongozi wa chama chake, alimdaka mlangoni.

"Miaka tisa unatubembeleza, leo unageuka bubu! Watu wakikuita popo, si ndege si mnyama, nani alikuwa anakutetea? Mimi! Basi, Juni, kwenye mchujo wa chama, tunasimamisha mtu mwingine."

"Nilitoa neno langu, Haskell."

"Neno! Kawape wagonjwa wavute hilo neno."

Merrill akampita. Alichokiogopa kilikuwa chini ya ngazi. Rosaire alikuwa ameegemea mtungi wake, na ilibidi akohoe kwanza ndipo aweze kusema.

"Kwa hiyo Orrin ndiye ndugu yako, kaka?"

"Rosaire, acha nikupeleke nyumbani."

"Nitapanda basi," Rosaire akasema, akaenda zake polepole kwenye theluji iliyoanza kuyeyuka, akisimama kila hatua kumi kutafuta pumzi. Merrill alimtazama hadi mwisho wa uwanja. Alilia pale pale, mzee wa miaka sitini na mmoja, na hakujali nani anamwona.

Kisha akaendesha gari hadi hospitalini, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Lorraine alikuwa ameketi kando ya kitanda, macho yamemvimba. Kwenye meza ndogo kulikuwa na glasi sita za maji, zote zimejaa.

Merrill alivuta kiti, akainama karibu na sikio la rafiki yake. "Orrin, ni mimi. Nimeilinda jozi yetu. Wamepiga kura leo, mimi sikupiga. Mswada umeanguka. Lala kwa amani, bwana, hakuna aliyekuzunguka."

Jicho moja la Orrin lilifumbuka wazi kabisa. Likajaa machozi. Mkono wake usiopooza ukatoka taratibu chini ya blanketi, ukainua kidole kimoja.

"Si unaona?" Lorraine akasema, akinyanyua glasi. "Tangu Jumapili ni hivyo hivyo. Namletea maji, anayasukuma, halafu anainua tena."