Chumvi ya Jirani

Jumapili ya Matawi, wakati wa chakula cha mchana, mke wa jirani yake Mukhwana alipiga nduru mara moja, akanyamaza.

Mukhwana hakuhangaika kumwita chifu. Tangu afiwe na mkewe, wakubwa wa serikali aliwaona mtaani Laini Saba msimu wa kura tu. Lakini akina mama wa kikundi cha mtaa walishafika mlangoni pa jirani huyo na vijiko, kama walivyokubaliana: mume akipiga, asiachwe peke yake na mkewe.

"Jirani, nisaidie chumvi."

"Si nimempa mwenzako?" mume alifoka.

"Yeye anapika mboga. Mimi ni maharagwe."

Aliyefuata akazuia mlango kwa mguu. Hawa ndio serikali, Mukhwana aliwaza. Mume akasukuma mlango aufunge, chumvi ikamwagika kizingitini kutoka kwenye kopo aliloshika.

Mukhwana alivua kofia, akajipenyeza katikati yao.

"Na mama watoto yuko wapi?"