Ukwaju Kidogo

Mchuzi haukuwa mchachu, na hilo peke yake lilitosha kumtia Perlita wasiwasi. Sinigang, mchuzi mchachu wa samaki, ya mama mkwe wake, Nanay Sabel, ilijulikana mji mzima wa Bongabon: ukwaju mbichi uliochemshwa na kupondwa mpaka ukatoa ukali wake wote, ukionja tu unafumba jicho. Leo ilikuwa chapwa kama maji yaliyooshewa mchele. Samaki alikuwamo, mnono kabisa, na bamia, na figili, na majani. Uchachu ndio haukuwepo.

Rodel alionja, akaweka kijiko chini, akamuuliza mkewe kama ni yeye aliyepika.

"Ni mimi," Nanay Sabel alimjibu mwanawe upesi. "Ukwaju umeadimika. Kula, safari inakusubiri."

Perlita aliinamisha uso. Pale alipokaa aliuona mkwaju wa kisimani kupitia dirisha, umezaa mpaka matawi yanalalia ukuta.

Rodel aliusukuma mchuzi pembeni, akahamia kwenye samaki mkavu wa kukaanga na wali wa kitunguu saumu. Alikula vizuri, kama kawaida yake, huku akieleza habari za njia. Mvua ilikuwa inapiga tangu alfajiri, na redio ilisema tufani itafika jioni. Tajiri alitaka lori la vitunguu livuke mlima hadi Baler kabla barabara haijafungwa. Kwenye ile kona ya korongo, nusu ya ukingo ilikuwa imeshamomonyoka. Madereva wengine walikataa. Rodel hakuwa mtu wa kukataa, wala wa kukataliwa.

Perlita alimsikiliza akitafuna kwa upande mmoja wa mdomo. Alikuwa amemwambia mama mkwe wake kwamba ni jino. Usiku kucha hakupata usingizi, na wazo lilikuwa lile lile: je, atarudi?

Simu ikalia. Alikuwa tajiri. Rodel akasimama, chakula kimebaki nusu.

Hapo kila mtu wa kwetu anajua la kufanya. Mtu akianza safari na wenzake wako mezani, waliobaki wanazigeuza sahani zao pale pale mezani, upande wa mbele ukae nyuma, ili aepukane na ajali huko aendako. Usiniulize kwa nini, wewe geuza tu. Na hakuna aliyelishikilia jambo hilo kama Nanay Sabel. Miaka mingi nyuma, mumewe, Mang Ambo, aliondoka hivyo hivyo katikati ya chakula, akashika barabara hiyo hiyo ya mlimani, na mama wa watu akasahau kugeuza sahani yake. Gari likaishia korongoni. Pale msibani kila aliyempa mkono aliambiwa maneno hayo hayo: nilisahau, jamani, nilisahau.

Tangu hapo hakuwa na mchezo. Mwaka jana padri alialikwa chakula, na dereva wake akatoka kwenda kumfuata fundi mjini. Nanay Sabel aliizunguka meza nzima akigeuza sahani moja moja, ya padri ikiwemo. Watu walicheka, lakini hakuna aliyethubutu kuirudisha yake.

Rodel akamwinamia mkewe sikioni.

"Usilale. Nisubiri. Nikirudi tutamalizia yale ya jana."

Akatabasamu, akambonyeza bega, akatoka. Mlango wa lori ukajibamiza. Injini ikakohoa mara kadhaa kabla ya kushika.

Sahani zilitakiwa zigeuzwe sasa, kabla hajaikamata barabara. Perlita alijua kuwa mama mkwe wake anamtazama. Alitoa mikono mapajani. Aliogopa kuigusa sahani yake, na aliogopa zaidi kuiacha. Huyu ni mama aliyemzaa Rodel. Angemwambia nini? Mtaa ungesema nini, mke mwingine wa nyumba hii akisahau tena? Akaushika ukingo wa sahani.

Kiganja cha Nanay Sabel kikatua juu ya vidole vyake, kizito, kikaikandamiza sahani mezani isisogee.

Perlita akainua macho. Katika nyumba ile kichwa cha samaki kilikuwa haki ya Nanay Sabel, hakuna aliyekigombea, na leo pia kilikuwa kwenye sahani yake. Rodel alipoketi kula kilikuwa kinatazama mlangoni. Bado kilikuwa kinatazama mlangoni.

Walikaa hivyo, mkono juu ya mkono, mpaka mlio wa lori ukamezwa na mvua.

"Kula, mwanangu," Nanay Sabel alisema. "Ukwaju nimeupunguza makusudi, usije ukakuwasha kwenye hicho kidonda cha mdomoni."

Akauachia mkono wa Perlita, akachota mchuzi wake ule chapwa, akaunywa taratibu.

"Na siku ile ya baba yake," akasema, "sikusahau."