Tairi Pana la Manase

Gurudumu lilikataa kuingia. Fundi Laurenti alilisukuma kwa goti, likagoma. Akalirudisha chini, akafuta jasho.

"Dada Aneth, hili ni pana mno. Tairi litakuwa linasuguana na cheni. Bora nirudishe lile la zamani."

"Hapana. Weka hilohilo. Nakuomba, fundi."

Sauti yake ilimfanya Laurenti ainue uso. Hakubisha tena.

Pikipiki ile ya spoti ilikuwa ya Manase, mume wa Aneth. Kwa miaka alitamani kuifunga ringi pana na tairi nene la nyuma, kama zile za mashindano. Aliliongelea tairi hilo mezani, aliliongelea hata usingizini. Kisha homa ya uti wa mgongo ikamwangusha. Alirudi kutoka hospitali mwili ukiwa mzima, lakini hakumjua mtu wala hakusema neno. Alikaa kitandani akitazama ukuta, akilishwa kwa kijiko.

Daktari alimshauri Aneth amwonyeshe vitu alivyovipenda, huenda kimoja kikamwamsha. Aneth akaleta picha za harusi. Akaleta kwaya, ikaimba sebuleni mpaka majirani wote wa mtaa wa Utemini wakajaa dirishani. Mama mkwe alikuja kutoka Ikungi, akamsemesha mwanawe Kinyaturu mpaka mwenyewe akalia. Manase alitazama ukuta.

Na sasa Marko, kaka yake, alikuwa njiani kuja kumchukua.

"Shemeji, umejitahidi," alikuwa amesema kwenye simu. "Tumrudishe nyumbani kwa mama. Wewe pumzika."

Aneth hakutaka kupumzika. Alimtaka mume wake. Ndipo akamwita Laurenti kutoka Shelui, aje na gurudumu alilolitoa kwenye pikipiki kubwa iliyogonga lori.

Laurenti akafungua upya. Akakimbilia kwa mtu wa mashine ya kukereza, akarudi na bushi mpya, kipande cha chuma cha kuingiza katikati ya gurudumu, akaisogeza sproketi, ile gia ya meno ya nyuma, nje ili cheni ipite kando ya tairi. Akajaribu. Bado likagusa. Aneth, aliyeogopa pikipiki kuliko nyoka, akapiga magoti kwenye oili na kumwinulia gurudumu, kitenge chake kikajaa grisi.

"Mmezunguka sana na hii," Laurenti alisema, apate kumchangamsha. "Ona vikanyagio vya abiria, mpira wote umelika."

Aneth aligeukia lango. Alikuwa anasikiliza kama gari la Marko limefika.

Laurenti akapunguza bushi kwa tupa, akaingiza tena, akakaza. Akalizungusha gurudumu kwa mkono. Likazunguka kimya, cheni ikapita bila kugusa.

Aneth alikimbia ndani. Akamwinua Manase, akamshika kiuno, akamkokota hadi uani.

"Mume wangu, tazama. Tairi lako lile. Tazama basi!"

Akampa fundi ishara. Injini ikanguruma.

Manase alisimama tu. Halafu macho ya mumewe yakashuka, taratibu, yakatua kwenye tairi. Akachuchumaa. Akalipapasa kwa kiganja kutoka ukingo huu hadi ule, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake aliyepotea akapatikana. Akatabasamu.

"Mungu wangu," Aneth alinong'ona, machozi yakimtiririka. "Mungu wangu, asante."

Manase akainuka, akapanda, akashika usukani. Akageuza kichwa na kumtazama mkewe machoni, kwa mara ya kwanza tangu augue.

"Panda upesi, Happiness," alisema, akipigapiga kiti cha nyuma. "Aneth anakaribia kurudi kutoka sokoni."