Jino la Rangi ya Majivu

Kiwiko kilikuwa cha Makame. Alikuwa akifunga chandarua, mkewe Bi Raya ameshika kona ya pili, kamba ikakatika, kiwiko kikampiga mkewe mdomoni. Tangu siku hiyo jino la mbele la Bi Raya likageuka rangi ya majivu. Majirani walisema limekufa, ling'olewe. Kila akicheka hujifunika mdomo kwa kanga, na Makame naye ameacha kula miwa, eti hana hamu.

Kliniki, daktari aliweka taa ndogo kama punje ya mchele kwenye jino zima la pembeni. Kwenye kioo cha mashine mstari mwekundu ukapanda, ukashuka.

"Hiyo ni damu inayopita ndani ya jino," alisema. Kisha akaihamishia taa kwenye jino la majivu.

Mstari ukalala.

Makame akasimama. "Nimeliua."

"Kaa, baba. Jino lililogongwa halina haraka."

Wakangoja. Mstari ukainuka kidogo, kama mtu anayeamshwa alfajiri, ukashuka, ukainuka tena.

"Inapita," alisema daktari. "Kidogo, lakini inapita. Hatuling'oi."

Makame akakohoa. "Daktari, hicho chombo hakiwezi kuonyesha kama ameshanisamehe?"

"Wee Makame!" Bi Raya akacheka, mdomo wazi, kanga imemwangukia mapajani.

"Mama, usicheke, sijamaliza kupima," daktari alisihi, maana mstari ulikuwa ukirukaruka hadi ukingoni mwa kioo.

Makame akasogeza kiti karibu, akaanza kumsimulia mkewe tena ile kamba ilivyokatika, jicho kwenye mstari.